Pigo la Nne

Kaka yangu Leamon alikata nyama kwa namna ambayo hata kipofu angemtambua, na kipofu mmoja alimtambua kweli, nitamfikia. Alishika mapanga mawili mafupi, moja kila mkono, akasimama mbele ya gogo, na nguruwe mzima aliyelala juu ya makaa tangu jana yake akawa nyama ya kuliwa kwa uma. Ta, ta, ta. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayemeza mate. Halafu pwaa! Hilo la nne alilipiga kwa bapa la panga, na maana yake ilikuwa moja tu: Vonceil, njoo uchukue.

Vonceil ndiye mimi. Nilikuwa upande wa pili wa kidirisha, nikipokea watu, nikiwekea kila sahani kachumbari yake ya kabichi na vimaandazi vya unga wa mahindi. Sikuhitaji kuangalia. Ikifika ta ya tatu mkono wangu ulikuwa tayari kidirishani, kiganja juu, na sinia ikaingia pale pwaa ilipolia. Sikuolewa. Watu walisema niliolewa na kidirisha, nami niliwajibu kwamba walau hakinipigi wala hakirudi nyumbani kimelewa.

Huko kwetu Tull watu hawasemi "twende kwa Speight," ingawa ndilo jina lililoandikwa juu ya mlango wa mkahawa wetu. Wanasema "twende kwa Leamon," na wakishuka kwenye magari yao husimama kwanza uani, wasikilize. Kama mdundo upo, nyama ipo. Kama haupo, wanarudi ndani ya gari wakitukana taratibu.

Sasa, Leamon alikuwa na mtoto mmoja, Dorsey, na nataka kuwaeleza habari za Dorsey, kwa sababu watu wa Tull wanamjua vibaya. Ni pande la mtu, mabega kama mlango, na sauti ndogo isiyolingana naye. Amekulia kwenye moshi. Mimi nitasema, na kaka yangu anisamehe huko aliko: kwa kupika, Dorsey alimpita baba yake zamani. Hafunui nguruwe ovyo kumtazama. Anakaa kwenye kiti chake kando ya ukuta wa matofali, anafumba macho, anasikiliza mafuta yakidondokea makaa. Yakidondoka haraka anatoa makaa kwa koleo, yakichelewa anaongeza, na akisema "ageuzwe sasa" basi hata ukiwa unasali unaacha, unakwenda kumshika nguruwe miguu.

Lakini kukata! Jamani. Dorsey akishika mapanga ni mvua ya mawe kwenye bati. Takatakatakataka, hakuna pumziko, hakuna tatu wala nne, mpaka nyama iishe. Akimaliza anagonga dirisha kwa kidole kama mtu anayeomba choo. Baba yake alikuwa akimwambia mbele ya watu, "Wewe, unakata kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nani anakufukuza?" Watu wanacheka, Dorsey naye anacheka, anarudi kwenye moto wake.

Na mama yake je? Aa, hapo ndipo penyewe. Wifi yangu Reatha ni mwanamke aliyeumbwa na ubahili wa maneno. Unaweza kukaa naye barazani kutwa nzima mkimenya maharage asikupe hata neno la kukutemea. Dorsey alipokuwa mdogo alianguka kwenye rundo la kuni akavunjika mkono, mfupa umetokeza, na mama yake alipokuja mbio alimtazama, akasema, "Umechafua shati." Kisha akambeba mgongoni mpaka kwa daktari, mwendo mrefu, peke yake, kwa sababu gari lilikuwa na Leamon. Huyo ndiye Reatha. Atakubeba mpaka mgongo ukatike, lakini neno tamu hulipati. Hata kaka yangu, katika ndoa yote ile, sikumsikia akimwita kwa jina lingine zaidi ya "we."

Leamon alikufa Jumamosi, mwezi wa pili, mstari wa watu umefika hadi mlangoni. Mbele kabisa alisimama Haywood Tripp, yule kipofu niliyemtaja, na fimbo yake. Ta, ta, ta. Mkono wangu ukaenda kidirishani. Pwaa haikuja.

Mkono ukabaki pale, kiganja juu. Ukumbi mzima ukawa kimya. Kila mtu alikuwa akingoja kitu hicho hicho bila kujua kwamba anangoja. Haywood ndiye aliyesema, "Vonceil, mbona hamalizi?" Nikainama kuchungulia. Leamon alikuwa ameegemea gogo, shavu juu ya nyama, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondokea upande wa pili. Dorsey alikuwa nje kwenye moto. Nilipomwita nilitoa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena, na Mungu aniepushe nisije nikaitoa.

Tukazika. Reatha hakulia, nani alitegemea alie? Alisimama kaburini amevaa kofia yake nyeusi, akamwangalia mchungaji kama anayemwambia afupishe.

Tulipofungua tena, Dorsey akawa anapika na kukata, yote mawili, na watu wa Tull wakaanza yao. Nyama ni ile ile, wakasema, lakini haitafuniki vile vile. Siki ya kunyunyizia nyama ni ile ile lakini haiingii. "Dorsey, pumzika kati, mwanangu, baba yako alikuwa anapumzika kati." Walitaka tuwafufulie mtu. Niliwaambia, anayemtaka Leamon anajua alipolala, achukue sepetu. Dorsey alinisikia, akaniomba nisiseme hivyo tena.

Basi. Jumatatu huwa tumefunga. Jumanne moja Haywood Tripp akaja, akaegemeza fimbo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Siku hizi mnafungua Jumatatu?"

"Tunafungua Jumatatu tangu lini?"

"Mbona jana nimepita mchana nikamsikia Leamon?"

"Haywood, Leamon tumemzika. Ulikuwepo. Ulikula kuku wangu."

"Nilikula, na alikuwa mkavu. Lakini Leamon nimemsikia. Tatu, halafu hamalizi. Tatu, halafu hamalizi. Nilisimama barabarani mpaka miguu ikaniisha nguvu, nikingoja amalize."

Nikamwambia aende zake na uzee wake. Lakini nywele za shingoni zilisimama, sitawadanganya.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wiki iliyofuata akasikia mke wa fundi wa matrekta. Halafu wanakwaya wawili, na hao hawanywi. Wote Jumatatu, wote mchana kweupe, jua linawaka: ta, ta, ta, na kimya. Wakasema pia kwamba si mlio wa panga kwenye nyama. Ni mlio mkavu, panga juu ya mti mtupu. Hapo mji ukaanza kunong'ona. Wazee wa kwetu wanaamini kwamba anayekufa na kazi mkononi harudi kwa ubaya, anarudi kumalizia. Lakini huyu alikuwa hamalizii. Ndicho kilichowatia watu baridi. Wengine wakaanza kuvuka barabara wakifika kwetu. Haywood yeye akaacha kula siku za Jumanne. Akasema hawezi kutafuna nyama ambayo hajui aliyeikata.

Nami katika hayo yote nilikuwa na shughuli nyingine ya kunikosesha usingizi: Reatha alikuwa anakwisha. Kila siku nilimpelekea sahani nyumbani kwake, ng'ambo ya ua tu, na kila siku nilikuta mbwa wa jirani ananenepa. Mashavu yalizama. Gauni likamning'inia. Nikimwambia "wifi, kula," ananijibu "nimekula," na mbwa yuko pale pale anajilamba. Daktari akasema hana ugonjwa. Mchungaji akasema ni msiba. Mimi nikasema huyu ananuia jambo, maana nilikuwa namjua.

Jumatatu moja nikasahau chupa yangu ya siki jikoni, nikarudi kuichukua. Adhuhuri. Nimeshika kitasa cha mlango wa ukumbi, nikasikia.

Ta, ta, ta.

Nikaingia nikiwaza, Vonceil, ni bomba la maji. Ta, ta, ta. Bomba gani linalomeza mate? Na mkono wangu, Mungu wangu, mkono huu wa kulia, ukainuka wenyewe ukaenda kwenye kidirisha kilichofungwa, kiganja juu. Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Ukakaa pale unangoja pigo la nne, na pigo halikuja, na nilijua nikiendelea kusimama pale nitangoja mpaka nife.

Nikakimbia. Mimi, na magoti yangu haya, nikakimbia. Nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka ukuta wa mbao wa chumba cha kukatia, ule unaotazama nyumbani kwa Reatha, na hapo nikamkuta wifi yangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu. Amevaa gauni la kanisani. Sikio liko kwenye mbao. Na anacheka.

Nawaambia ukweli, mdundo ulinitisha, lakini kicheko kile kilinitisha zaidi. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Kilikuwa kicheko cha msichana, chepesi, na kilikuwa kinamtoka yule mwanamke mkavu kama maji yanayotoka kwenye jiwe.

"... na yule msichana wa akina Barfield," alikuwa anaiambia mbao, "uliyemnunulia pipi kwenye maonyesho, ulidhani sikuona? Niliona. Nikakaa na hasira miaka miwili. Nilikupenda, mpumbavu wewe. Ulidhani nakufulia mashati yale yenye moshi kwa ajili ya Mungu?"

Ta, ta, ta, ikajibu mbao.

"Ehee, kata, kata. Nyanya nimeshapanda. Sijui kama nitazila mimi." Akaipapasa mbao kwa kiganja, polepole. "Siku si nyingi, we. Nakuja."

"Wifi," nikasema.

Hakushtuka. "Nyamaza, Vonceil. Anakata."

"Anakata nini? Nani anakata?"

"Kwani hujui kazi ya kaka yako?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa furaha, yakiwa ndani ya uso ule wa mifupa. "Unasikia? Hamalizi. Hawezi kumaliza, kwa sababu hakuna aliyeipokea ile ya mwisho. Itabidi nikaipokee mimi. Nikiipokea atapumzika, na mimi nitapumzika."

"Ukaipokee wapi?"

"Usiniulize la kijinga."

Hapo hofu yangu ikageuka hasira. Ndivyo nilivyo, na hasira imenisaidia mengi. Nikasema moyoni, kama huyu ni kaka yangu, basi nitakwenda kumwuliza uso kwa uso kwa nini anamwua mke wake. Nikarudi ndani, nikapita jikoni, nikausukuma mlango wa chumba cha kukatia kwa bega.

Alikuwa Dorsey.

Amevaa aproni ya baba yake. Mapanga mikononi, gogo tupu mbele yake, na jasho, au tuseme ni jasho, linamchuruzika mpaka kidevuni. Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Nyuma ya mbao sauti ya mama yake ilikuwa ikiendelea, tamu, inasimulia habari za kuku anayeatamia. Dorsey akainamisha kichwa kuisikiliza, akapiga tatu, akasita.

Nikamngoja mpaka Reatha aliporudi nyumbani. Kisha nikamvuta mtoto huyu mwenye ukubwa wa ng'ombe mpaka nyuma ya rundo la kuni, nikamwambia, "Una wazimu?"

"Shangazi, punguza sauti."

"Nipunguze? Mji mzima unasema tuna mzimu! Haywood anakula samaki!"

"Nilikuwa najifunza tu," akasema. "Watu walisema nyama haitafuniki. Nikasema nitajifunza mdundo wa baba, Jumatatu, wakati hakuna mtu. Tatu nilizipata. La nne..." Akanyoosha mkono wa kushoto, akautazama. "Kila nikitaka kulipiga, namwona alivyolala pale. Mkono unakataa. Basi siku moja nimesimama hivyo, nikasikia mama nje anasema, Leamon, ni wewe?"

"Nawe hukusema ni wewe."

"Nilifungua mdomo. Akaniwahi, akasema, usinijibu, hukuwahi kunijibu, kata tu. Nikakata."

Nikaegemea rundo la kuni nimsikilize.

"Shangazi, wewe ulishawahi kumsikia mama akicheka?"

"Leo."

"Mimi nina miaka arobaini na sita." Akafuta uso kwa aproni. "Amenisimulia nilivyozaliwa. Kwamba kulikuwa na barafu, na kwamba nilishika kidole chake nikakataa kukiachia. Sikujua. Nani angenieleza? Na siku nyingine akasema..."

"Akasema nini?"

"Akasema, mtoto wetu anapika kukushinda, Leamon, ila usimwambie."

Hapo jitu lile likakaa juu ya kuni likalia. Nikamshika kichwa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbembeleza, na mikono yangu haikujua ianze na lipi.

"Toka umwambie," nikasema. "Mwambie, mama, ni mimi, nimesikia, asante."

"Nikitoka ataniona mimi. Si yeye, ni mimi. Na hatasema tena neno."

"Dorsey, mama yako hali chakula. Amekusudia kumfuata. Amesema anakuja."

"Najua."

"Unajua?"

"Amesema mara nyingi." Sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Kila Jumatatu nasema leo nitalipiga, nimalize, amwachie aende. Halafu anaanza kuongea."

Nikamwambia, tena bila kupunguza makali, kwamba anamwua mama yake ili amsikie akiongea. Nikamwambia Jumatatu nyingine nitakaa naye hapo nje mimi mwenyewe, na kwamba akishindwa kulipiga pigo hilo, mimi nitaingia na kulipiga kwa sufuria. Jioni ile alilaza nguruwe wa Jumanne kama kawaida, na nyama ilitoka nzuri mno hata sikuweza kuila.

Wiki ile Reatha alianguka mara mbili. Mara ya pili nilimwokota barazani, na alikuwa mwepesi kama kapu la maganda. Nikamwambia Dorsey. Akatikisa kichwa tu, akaendelea kuchochea makaa.

Jumatatu ikafika. Nilimshika wifi mkono kuvuka ua, kwa sababu hakuweza tena kuvuka peke yake, nikamkalisha juu ya ndoo, nami nikakaa chini kwenye majani nimeegemea magurudumu ya mkokoteni wa kuni. Upepo ulikuwa umelala. Shamba la tumbaku ng'ambo ya barabara halikuwa na mtu.

Ta, ta, ta.

"Nipo," Reatha akasema. "Leo nimekuja na dada yako. Usijali, atanyamaza."

Ta, ta, ta.

Akaongea. Aliongea juu ya kitanda, kwamba sasa analala upande wa Leamon kwa sababu upande wake umekuwa baridi. Aliongea juu ya viatu vyake ambavyo amevipaka dawa na kuviweka mlangoni, tayari kwa safari. Kila akimaliza jambo mbao inapiga tatu, na kila inapopiga tatu mimi nabana meno nikisema kimoyomoyo, sasa, mwanangu, sasa. Na kila mara kimya. Nikaanza kutafuta kwa macho kitu cha kugongea.

Halafu Reatha akasogea karibu zaidi. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao na paji la uso katikati yake. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayetoa kitu alichokificha muda mrefu.

Ta, ta, ta.

"Leamon," akasema. "Sikiliza. Huyu mtoto wetu. Kuna jambo nataka kukwambia juu ya Dorsey, ambalo sijamwambia mtu, na ni lazima nilise..."

Pwaa!

Mbao zilitetemeka. Njiwa waliruka kutoka paani. Nilihisi lile pigo likiingia kwenye kiganja changu kana kwamba sinia imewekwa.

Reatha alinyamaza neno likiwa mdomoni. Akainuka mwenyewe, bila kushikwa. Akanyoosha mikono miwili mbele yake, viganja juu, akakaa hivyo kitambo, kisha akaivuta kifuani taratibu kama mtu aliyebeba chakula cha moto. "Haya," akasema. "Nimepokea. Nenda."

Akavuka ua peke yake. Nilimkuta jikoni kwake akikaanga mayai. Alikula manne, akafuta sahani kwa mkate, akaenda kulala upande wake wa kitanda, akaamka kesho yake jua liko juu.

Nilirudi kwa Dorsey. Alikuwa amekaa sakafuni chini ya gogo, mapanga yako magotini. Nikamwuliza kama alikuwa amelisikia alilokuwa anasema mama yake. Akasema amelisikia. Kama mkono ulikuwa umeshainuka na hakuweza kuurudisha, au kama alijua kwamba akilisikia neno lile mpaka mwisho hatalipiga pigo maisha yake yote, sijui. Nilimwuliza hilo pia. Akasema, "Shangazi, nisaidie kunyanyuka."

Sasa Reatha ni mzima kabisa. Amenenepa, nyanya amezila mwenyewe, mbwa wa jirani amerudi kuwa mbwa wa kawaida. Anakaa barazani anamenya maharage na hasemi na mtu. Jumatatu ni kimya, na Haywood Tripp amerudi Jumanne zake, anasema nyama si mbaya. Sijamwambia wifi yangu aliyekuwa nyuma ya zile mbao, na sitamwambia. Dorsey anakata kwa mtindo wake, mvua ya mawe, hajaugusa tena mdundo wa baba yake.

Wiki iliyopita alinipa sahani nimpelekee mama yake. Nyama ya bega, na ngozi kavu juu yake, aliyoichagua kipande kwa kipande. Nikakaa barazani nikimtazama Reatha anavyokula. Madirisha ya chumba cha kukatia yalikuwa wazi na Dorsey alikuwa kazini, takatakatakataka, ua mzima unalia, ilinibidi nipaze sauti.

Reatha akaweka uma chini. "Pamekuwa kimya, eeh?" akasema. "Tangu Leamon amalize."

Nilimtazama kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa anatazama ule ukuta wa mbao, na uso wake umetulia kabisa.

"Wifi," nikasema, "siku ile ulitaka kumwambia Leamon jambo juu ya Dorsey. Jambo gani?"

Akachukua uma tena. "Nilikuwa nasema na Leamon," akasema. "Sikuwa nasema na wewe."

"Basi mwambie Dorsey mwenyewe. Yuko pale."

Akatafuna. Alimaliza nyama yote, akala na ngozi, akanirudishia sahani nyeupe kama iliyooshwa.

Nilivuka ua taratibu. Dorsey alinisikia nikiingia, akasimamisha mapanga, akatazama sahani kwanza, halafu mimi.

"Amesema chochote?"

Na mimi Vonceil Speight, niliyemjibu kila mtu katika mji huu, nilitafuta la kumjibu. Nikamwambia, "Amesema nyama ni nzuri. Amesema unapika kumshinda baba yako."

Wala hakunikasirikia. Alitabasamu hata.

"Shangazi," akasema, "mama hasemi hivyo kwa mtu aliye hai."

Akaichukua sahani mkononi mwangu, akaiweka kwenye maji, akarudi kwenye gogo.